Maji Hayaulizi

Kibanda changu hapa Newala kina rafu tatu:
ya juu simu zilizokufa,
ya kati simu zinazongoja vioo,
ya chini vocha, na daftari la madeni.
Bando ninaliuza mimi. Sijifichi.

Bi Somoe Nankanga alikuja saa mbili asubuhi,
vidole vimeganda utomvu wa mabibo,
simu kaifunga kwenye pindo la kanga
kwa fundo lile lile la hela.

"Ausi, bando lako bovu.
Nacheka na mjukuu aliyeko Nanyamba,
naona harusi za watu nisiowajua,
naona mtu mzima anajimwagia maji kichwani.
Nikitafuta bei ya mnada, linanuna."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa:
hilo ni la bei nafuu, mama,
linafungua milango miwili tu.
Mingine ina bei yake.

Akanitazama
kama anavyoitazama korosho iliyotobolewa.

"Sikia. Mimi nimezaliwa juu ya uwanda huu.
Maji tuliyafuata bondeni usiku wa manane,
tukapanda nayo, magoti yanalia.
Leo kioski kipo, ndoo shilingi hamsini,
nami natoa hamsini yangu.
Maji yale hayajaniuliza hata siku moja:
Somoe, unakwenda kupika au kufua?
Hayajaniambia: haya ya kunywa tu,
ya kuogea lete mia mbili.
Maji hayaulizi.
Sasa huyo wako ni nani,
aliyekaa kwenye bomba nisimwone,
ananichagulia kiu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vocha.

Halafu zikaja zile siku tatu.
Mnara ulisimama pale pale, mwekundu na mweupe,
ila simu zote zikageuka tochi.
Wapo waliosema waya umekatika baharini.
Wapo walioanza kusema, wakashusha sauti.

Siku ya pili, umande haujakauka mikoroshoni,
watu wa kangomba wakaingia na pikipiki,
na bakuli zao zilizobonyezwa kwa nje
zimeze zaidi ya macho yanavyoona.
"Bei imeanguka," wakasema.
Nani angewabishia?
Chilumba akatoa gunia mbili, ada ya mwanawe.
Fadina wa mashine ya unga
akauza hata zilizokuwa bado hazijakauka mkekani.
Ndipo nikajua kwamba giza nalo lina mizani yake,
na anayeishika hasomi kwa sauti.

Bi Somoe hakuuza.
Si kwa ujuzi, kwa ubishi.
Alitandika kirago juu ya magunia, akalala hapo,
mlango wazi, panga ubavuni,
na kila pikipiki iliyosimama aliijibu neno moja:
"Asiyejua bei, yeye ndiye bei."

Mtandao uliporudi, rafu yangu ilitetemeka,
hata simu moja niliyokwisha kuizika.
Mnada wa jana yake: karibu mara mbili ya bakuli.
Chilumba alikaa kwenye benchi langu mpaka adhuhuri.
Hakununua kitu. Sikumfukuza.

Tangu hapo, kila kukicha
naitafuta bei kwa bando langu mwenyewe,
naiandika kwa chaki kwenye mlango wa bati.
Wakaniomba na kipimo cha dawa ya ubwiri,
nikaandika.
Na majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza,
nikaandika mpaka chaki ikaisha.
Nikajiona mtu.

Bi Somoe akapita, akasoma, akatema mate pembeni.
"Chaki yako ni ndoo ya kuazima, Ausi.
Ukiugua je? Ukinunuliwa je?
Mimi nataka bomba,
nifungue mwenyewe, nikinge mwenyewe,
na nikitaka kumwaga, nimwage."

Mia tano yake ingali daftarini,
ya lile bando la milango miwili.
Nikimkumbusha, anakaza fundo la kanga:
"Nitalipa. Siku nyumba yote ikifunguka."